Mkuza Nyuma ya Nyumba: Nilivyoiomba Halmashauri Iachie Haki Yake

Ramani ya upimaji ya mtaa wetu ina mistari miwili ya nukta inayokwenda sambamba na mpaka wa nyuma wa viwanja vyote vya upande wetu wa barabara, na katikati yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba hapo ni mkuza wa huduma wenye upana wa mita sita. Nusu ya upana huo, yaani mita tatu, iko ndani ya kiwanja changu, na nusu ya pili iko kwa jirani ninayepakana naye nyuma. Nilinunua nyumba nikiyajua hayo, na kwa miaka mingi hayakunisumbua, kwa kuwa mkuza haumnyang'anyi mtu ardhi yake. Ardhi inabaki yako, unaifyeka, unapanda majani na maua. Usichoruhusiwa ni kujenga kitu cha kudumu juu yake, au kumzuia mwenye haki ya mkuza asiingie, asichimbe na asilaze bomba au waya wake pindi atakapohitaji.

Haja ya kuugusa ukanda huo ilikuja mama yangu mzazi aliposhindwa kupanda ngazi. Tuliamua kumjengea chumba chenye bafu lake upande wa nyuma, kwenye sakafu ya chini, na mchoraji akatuchorea chumba ambacho ukuta wake wa mwisho uliingia ndani ya mkuza kwa mita 1.8. Ofisi ya vibali vya ujenzi iliirudisha michoro hiyo upesi, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kukipunguza chumba kulikuwa na kikomo chake, kwa sababu kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya duara lenye kipenyo cha mita 1.5 hivi ili kigeuke bila kugonga kuta, na bafu lisilo na nafasi hiyo lingemrudisha mama kwenye shida ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Kwa hiyo nikaamua kuomba mkuza uachiwe.

Wengi niliozungumza nao walilichukulia jambo hili kama ombi la kawaida la mwananchi kwa halmashauri yake: unaandika barua, unalipa ada, mkurugenzi anatia saini. Wakili wangu ndiye aliyenieleza kwa nini haiwezekani kuwa hivyo. Mkuza unaozaliwa na ramani ya upimaji, yaani ule ambao mwenye shamba aliutenga alipokuwa akilikata shamba lake kuwa viwanja, huwa umetolewa kwa umma na kwa kila anayeupa umma huduma. Halmashauri ni mlinzi wake, wala si mnufaika pekee. Shirika la umeme lina haki yake humo, mamlaka ya maji ina yake, kampuni ya simu ina yake, na idara ya barabara na mifereji ina yake, hata kama hakuna kati yao aliyewahi kuweka kitu. Halmashauri ikitia saini peke yake, inakuachia sehemu yake tu, na siku ambayo mwingine kati ya hao atataka kupitisha waya wake, saini ile haitaulinda ukuta wako.

Ipo pia mikuza isiyotokana na ramani. Mingine huzaliwa na hati ya pekee kati ya mwenye ardhi na kampuni fulani, hati ambayo husajiliwa katika daftari la ardhi. Mingine hutambuliwa na mahakama kutokana na matumizi ya muda mrefu, ya wazi, yasiyoombewa ruhusa. Kila aina ina njia yake ya kuondolewa, na ndiyo maana kabla ya kuandika barua yoyote wakili alitaka upekuzi kamili wa daftari, si wa kiwanja changu tu bali wa shamba zima lilipokuwa bado halijakatwa. Upekuzi huo ulitoa kitu ambacho ramani haikukionyesha: hati ya zamani iliyoipa kampuni ya simu haki ya kupitisha nyaya katika ukanda ule ule, iliyosajiliwa kabla viwanja havijapimwa. Kama tungeifuta haki ya kwenye ramani na kuiacha hati hiyo ilivyo, tungekuwa tumefungua kufuli moja kwenye mlango wenye makufuli mawili.

Hoja ya kwanza iliyonijia ni ile ambayo nadhani humjia kila mwenye nyumba, kwamba ukanda haujatumiwa tangu mtaa uanze na kwa hiyo haki imekufa yenyewe. Wakili aliniambia kwamba katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria za Uingereza, kutotumia peke yake hakuiui haki ya namna hii. Ni lazima ithibitike kwamba mwenye haki alikusudia kuiacha moja kwa moja. Alinipa mfano wa kesi ya Benn dhidi ya Hardinge, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1992, ambamo haki ya njia iliyokaa miaka 175 bila kutumiwa ilihesabiwa kuwa bado hai, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wowote wa kuiacha zaidi ya ukimya wenyewe. Wafaransa wana msimamo mwingine: ibara ya 706 ya Sheria yao ya Madai, iliyotungwa mwaka 1804, inasema haki ya aina hiyo hufa isipotumiwa kwa miaka 30, ingawa hata huko mikuza iliyowekwa kwa manufaa ya umma ina taratibu zake za pekee. Kwa hiyo tuliiweka kando hoja ya ukimya kama hoja ya kisheria, tukaitumia kama hoja ya kiutendaji: kwamba huduma zote za mtaa zimeshajengwa mbele, kandokando ya barabara, na hakuna mwenye huduma atakayepungukiwa na kitu akiuachia ukanda wa nyuma. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu hoja ya kisheria inaishia mahakamani, ilhali hoja ya kiutendaji unaweza kuipeleka mezani kwa mhandisi na kumwonyesha kwa macho.

Kabla ya kwenda kwa mhandisi yeyote nilitaka kuelewa kwa nini bomba la majitaka lenye kipenyo cha milimita 150 litengewe ukanda wa mita sita, na jibu lake lilinisaidia baadaye kuliko nilivyotarajia. Majitaka ya mtaani kwa kawaida husafiri kwa kuteremka, hayasukumwi na pampu. Bomba likishuka kwa mita moja katika kila mita mia, basi kadiri linavyokwenda mbali ndivyo linavyozama, na kufikia mwisho wa mtaa linaweza kuwa limelala mita mbili au tatu chini ya majani. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na kuta za shimo refu lisiloegemezwa huporomoka bila kutoa taarifa, jambo ambalo huua wachimbaji kila mwaka duniani. Kwa hiyo shimo ama huchimbwa kwa kulazwa kuta zake, likawa pana juu kuliko chini, ama huwekewa mbao na vyuma vya kuzuia. Udongo uliotolewa hauwezi kurundikwa ukingoni, na mtambo nao unahitaji mahali pa kusimama na kugeuka. Upana wa mkuza ni upana wa siku ya kuchimba. Anayemwambia mhandisi kwamba bomba liko upande wa jirani na hivyo upande wake ni wa bure, hajajibu swali analoulizwa.

Swali lililobaki, na ambalo ofisi zote zililiuliza kwa namna moja au nyingine, lilikuwa kama kweli hakuna kitu chini ya ule ukanda. Ramani za zamani za mamlaka ya maji zilionyesha bomba la majitaka likipita nyuma, lakini kwa mstari uliokatika, na hakuna aliyekuwa ofisini aliyeweza kusema kama mstari huo ulimaanisha bomba lililojengwa au lililokusudiwa kujengwa. Mpima ardhi alikuja na kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba kwa mawimbi ya sumaku-umeme, hakikuonyesha kitu, lakini mwenyewe alionya kwamba kifaa hicho hakiwezi kuliona bomba la plastiki au la udongo wa kuchoma ambalo halikulazwa pamoja na waya wa kuliashiria. Kisha, katika pembe ya kiwanja cha jirani, chini ya majani na tabaka la udongo, mtaimbo wa fundi uligonga chuma. Ilikuwa chemba.

Chemba hiyo ingeweza kuumaliza mradi wetu pale pale. Kama ilikuwa hai, basi bomba lilikuwa hai, na mamlaka isingeachia hata sentimita moja. Mafundi wa majitaka walipendekeza jaribio la rangi, ambalo ni la kale na rahisi: unamimina rangi ya kijani inayong'aa katika choo cha nyumba, unavuta maji, kisha unasubiri kwenye chemba zinazoshukiwa uone inatokea wapi. Ni rangi ya familia ile ile iliyomiminwa kilo kumi mwaka 1877 mahali ambapo maji ya mto Danube huzama ardhini kusini mwa Ujerumani, na kiasi cha saa 60 baadaye ikatokea katika chemchemi ya Aach, ikathibitisha kwamba maji ya mto mmoja huishia katika bonde la mto mwingine. Sisi tulihitaji kijiko tu.

Mfuniko wa chemba ya barabarani ulifunguka kwa urahisi. Ule wa nyuma ulikuwa umeshikana na kutu, na fundi mkubwa alizunguka akiugonga ukingoni kwa nyundo, pigo baada ya pigo, mpaka mlio wake ukabadilika kutoka mzito kuwa wa kulia kama kengele. Ndipo akachomeka mtaimbo na kuuinua upande mmoja. Kijana aliyekuwa naye alitaka kuinama achungulie, mzee akamvuta kwa ukosi wa shati na kumsogeza nyuma. Hewa ya chemba iliyofungwa muda mrefu inaweza kuwa na gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ikizidi huizima pua yenyewe, mtu asiinuse tena na huku inamuua. Tukaiacha ipumue. Kisha tukamulika kwa tochi: sakafu kavu, mende wachache, mdomo wa bomba upande mmoja uliozibwa kwa matofali na saruji tangu ujenzi, na upande wa pili hakuna bomba kabisa. Rangi iliyomiminwa kwa jirani ilitokea kwenye chemba ya barabarani muda si mrefu, kijani cha kutisha, na ya nyuma ikabaki kavu. Bomba la nyuma lilianzwa likaachwa. Nyumba zote ziliunganishwa mbele. Tulipiga picha kila hatua, na fundi mkubwa akaandika taarifa ya ukurasa mmoja iliyogongwa muhuri wa mamlaka, karatasi ambayo ilifanya kazi kubwa kuliko barua zangu zote.

Lakini tochi ile ile ilionyesha kitu kingine. Kwenye ukuta wa ndani wa chemba, usawa wa goti, palikuwa na mstari wa tope lililokauka, ulionyooka kana kwamba umepimwa kwa pima maji. Majitaka hayakuwa yamefika humo kamwe, lakini maji yalikuwa yamefika, tena yakatulia. Fundi aliuandika mstari huo katika taarifa yake, nami sikumwomba auache, kwa sababu taarifa inayochagua cha kusema haimsaidii mtu itakaposomwa na mhandisi anayeijua kazi yake.

Barua za kutokuwa na pingamizi zilikuja kila moja kwa mwendo wake. Shirika la umeme lilijibu bila maswali, kwani nguzo zake zote ziko barabarani. Mamlaka ya maji ilitaka mashimo ya majaribio yachimbwe kwa mkono mahali pachache, ikaridhika. Kampuni ya simu ndiyo iliyotuchosha, kwa sababu kampuni iliyotajwa kwenye hati ya zamani haikuwapo tena: ilikuwa imeunganishwa na nyingine, na hiyo nyingine ikauzwa. Ofisi zake za sasa hazikuwa na kumbukumbu ya hati ile, na mtu asiyejua kwamba ana haki hana sababu ya kutia saini kuiachia. Wakili alipata kutoka kwa msajili wa makampuni mfuatano wa vyeti unaoonyesha nani alimrithi nani, akaambatisha nakala ya hati, na akawaandikia kitu ambacho wangeweza kusaini bila utafiti wao wenyewe. Nashauri hivyo kwa yeyote: usimwombe mtu wa ofisi kubwa atafute, mpelekee kilichokwisha kutafutwa, pamoja na rasimu anayoweza kuirekebisha kwa kalamu.

Kisha likaja jibu la idara ya mifereji, nalo lilikuwa hapana. Mhandisi wa idara hiyo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa ameusoma ule mstari wa tope. Aliniomba nimpigie simu siku mvua kubwa itakaponyesha, na ilipofika siku hiyo alikuja na buti za mpira na mwavuli, tukasimama nyuma ya nyumba yangu. Maji yalikuwa yakitoka viwanja vya juu, yakipita chini ya ua wa jirani wa kushoto, yakakata nyuma yangu kwa kina cha upana wa kiganja, yamebeba majani makavu na kandambili moja ya mtoto, yakaenda kuingia kwenye karavati lililo mwisho wa mtaa. Nilikuwa nimeyaona maji hayo miaka yote na kuyahesabu kuwa maji ya mvua tu. Yeye aliyaona kama mfereji ambao haujajengwa. Aliniambia, "Mzee wangu, mimi sikatai chumba cha mama. Ninachokataa ni kuandika kwamba hapa hapapiti maji, na mimi na wewe tumesimama ndani yake."

Sikuwa na jibu, na nilifurahi kwamba sikujaribu kulitunga. Alinieleza kwamba wakazi wa juu walikuwa wakisakafia ua zao mmoja baada ya mwingine, na kila ua uliosakafiwa huongeza maji yanayoteremka, kwa kuwa zege halinywi. Ukuta ukisimama pale, maji yangepanda hadi kwenye mlango wa jirani wa kushoto, au yangeugeukia msingi wa chumba chenyewe na kuula udongo wake taratibu. Katika shughuli yote hii, aliyeninufaisha kuliko wote ni huyu aliyekataa, kwa sababu kukataa kwake kulikuja na sababu, na sababu inaweza kupimwa. Nilimuuliza anahitaji upana gani ili maji yapite salama. Alirudi na mahesabu: mita 1.5 kwenye kiwanja changu, zisizo na kitu chochote juu ya ardhi wala chini yake, na zenye mteremko ambao hautajazwa udongo.

Hapo ndipo ombi lilipobadilika sura, kutoka kuufuta mkuza wote hadi kuuachia kwa sehemu, na naliona kuwa badiliko jema. Haki za umeme, maji safi, majitaka na simu zingeondolewa kabisa katika kiwanja changu. Haki ya kupitisha maji ya mvua ingebaki, lakini katika nusu tu ya upana wa zamani. Mchoraji alilazimika kukirudisha chumba nyuma kwa sentimita 30. Alizipata kwa kuugeuza mlango wa bafu uwe wa kusukuma pembeni badala ya kufunguka ndani, na lile duara la kiti cha magurudumu likabaki salama. Jambo ambalo ningelipita bila mhandisi ni kwamba ukuta sio mwisho wa jengo: zege la chini la msingi huwa pana kuliko ukuta unaokaa juu yake, na upenu wa paa hutokeza nje. Kwa hiyo msingi wa upande huo ulichorwa upya ili upana wake wote uangukie ndani, na paa likakatwa bila upenu, na gata inayopeleka maji mbele.

Njiani tulishauriwa pia kuchukua njia fupi, yaani ruhusa ya kujenga ndani ya mkuza huku haki yenyewe ikibaki. Ofisi nyingi huitoa kwa urahisi, na kwa ua, banda jepesi au njia ya matofali naiona inatosha. Tatizo lake ni kwamba karibu kila mara huwa na sharti la kuvunja: siku mwenye haki atakapohitaji kuchimba, unaondoa ulichojenga kwa gharama yako. Sharti hilo sikuona namna ya kuliweka juu ya chumba ambacho mtu analala ndani yake. Benki iliyonikopesha fedha za nyumba nayo, tulipoitaarifu, haikulipenda hata kidogo, lakini haikuwa na neno juu ya kuachiwa kwa haki, kwa sababu kunaiongezea thamani dhamana yake.

Tangazo la kusudio la kuachia lilibandikwa, kukawa na pingamizi moja, la jirani wa nyuma. Hofu yake ilikuwa na mantiki. Alidhani mita zitakazoondolewa kwangu zitahamishiwa kwake, au kwamba siku ya kuchimba mtambo ungelazimika kusimama upande wake peke yake, kwa kuwa kwangu kungekuwa na ukuta. Sehemu ya kwanza ilijibiwa kwa kifungu kimoja katika azimio, kinachosema wazi kwamba haki iliyo juu ya kiwanja chake haiongezwi wala haipunguzwi. Sehemu ya pili ilijibiwa na taarifa ya jaribio la rangi: hakuna bomba la kuchimbuliwa, na mfereji wa maji ya mvua hauna kina kinachohitaji mtambo mkubwa. Niliketi naye na kumwonyesha michoro kabla ya kikao, naye akaliondoa pingamizi kwa maandishi.

Kwenye kamati ya mipango miji diwani mmoja aliuliza kwa nini umma utoe haki yake bure, na ni swali halali. Kuna halmashauri zinazotoza thamani ya haki inayoachiwa, na nyingine hutoza ada ya uchakataji tu. Afisa mipango alijibu kwamba umma unabaki na kile pekee unachokitumia, na sasa kimeandikwa kwa vipimo badala ya kudhaniwa. Baraza lilipitisha azimio katika kikao kilichofuata.

Azimio la baraza halibadilishi daftari la ardhi. Panahitajika hati ya kuachia haki, iliyosainiwa na mwenye mamlaka ya kusaini, iliyoambatishwa mchoro wa mpima ardhi unaoeleza kwa umbali na pembe kutoka bikoni hadi bikoni ni kipande kipi kinachoachiwa na kipi kinachobaki. Rasimu ya kwanza iliyotoka halmashauri ilisema haki inaachiwa "katika kiwanja" bila kutaja sehemu, na wakili aliirudisha, ingawa kwa maandishi yale tungepata zaidi ya tulichokubaliana. Alisema hati inayotoa kuliko azimio lilivyotoa ni hati inayoweza kubatilishwa, na itakayobatilishwa baada ya chumba kusimama. Hati ya kampuni ya simu ilifutwa kwa waraka wake wa pekee. Nyaraka zote mbili zilisajiliwa, na kabla fundi hajachimba msingi tulifanya upekuzi mpya ili tuzione kwenye daftari kwa macho yetu.

Ofisi ya vibali ilikuwa bado inatumia ramani ya zamani ya mtaa, kwa sababu ramani hiyo haichorwi upya kila haki inapoachiwa, na michoro yetu ingerudishwa tena kama tusingeambatisha nakala iliyothibitishwa pamoja na namba ya usajili. Nakala nyingine iko benki, na nyingine iko pamoja na hati ya nyumba kwa ajili ya atakayeinunua. Mhandisi wa mifereji alikuja mwenyewe siku ya kukagua msingi, akavuta futi kamba kutoka kwenye mpaka hadi kwenye ukingo wa zege, akasaini. Jirani wa nyuma ameomba nakala ya faili letu, kwa kuwa naye anataka kupanua jiko. Nimempa, pamoja na taarifa ya fundi, na nimemwambia kwamba upande wake ndio ulio chini zaidi, na kwamba mhandisi atataka kuuona siku ya mvua.